Shajara ya mradi: kuishika fremu ya baiskeli wakati wa kuipaka rangi

Jumamosi, 25 Januari 2025

Baiskeli yenyewe ni Black Mamba ya baba mdogo, aliyoitumia kubebea abiria mpakani Busia, mji ambako jina la boda boda lilizaliwa, kwa miaka mingi kabla ya pikipiki kuwaondoa watu wa baiskeli barabarani. Amenikabidhi baada ya kuniuliza swali moja tu, kama nitaipaka rangi nyeusi au nitaiharibu, nami nikamjibu kwamba itakuwa nyeusi.

Leo nimeivua kila kitu hapa kwangu Nyalenda, Kisumu: magurudumu, usukani, fimbo za breki, pedeli na pini zake, gololi zote zilizosalia. Vikombe vya gololi vya bomba la usukani niliving'oa kwa kuvigonga kutoka upande wa pili kwa kipande cha nondo. Zimebaki fremu tupu na foku yake, yaani ule uma unaoshika gurudumu la mbele. Fremu peke yake ina uzito wa kilo nne na ushei kwenye mizani ya jirani anayeuza mahindi.

Rangi ya zamani nimeiondoa kwa brashi ya waya kidogo na kwa msasa wa maji zaidi, kwa kuwa rangi za miaka hiyo zinaweza kuwa na madini ya risasi na sikutaka vumbi lake liruke uani ambako watoto wanacheza. Kutu ilikuwa nyingi chini ya nyumba ya pedeli, yaani kile kipande kifupi cha bomba kinachobeba ekseli ya pedeli, mahali ambapo maji ya barabarani hukusanyika na mpanda baiskeli hapaoni kamwe.

Nilipomaliza ndipo nilipotambua kwamba sikuwa nimefikiria jambo moja. Meza huipaka rangi ikiwa imesimama kwa miguu yake, na mlango hulazwa juu ya vigoda viwili ukapakwa upande huu leo na upande ule kesho. Fremu ya baiskeli haina mgongo wala tumbo. Mabomba yake yote ni mviringo na yote huonekana. Ukiilaza na kuipaka upande mmoja, kisha ukaigeuza, rangi ya leo itakutana na rangi ya jana kwenye mstari unaozunguka kila bomba, na mstari huo hautafichika hata upige msasa namna gani. Kwa hiyo fremu lazima ipakwe yote kwa wakati mmoja, ikiwa hewani, na swali la mradi huu limegeuka kuwa hili: itashikwa wapi?

Jumapili, 26 Januari

Nilianza na njia ambayo kila mtu huanza nayo. Nilipitisha waya wa kufungia ndani ya bomba la usukani na kuining'iniza fremu kwenye boriti ya veranda, nayo ikaonekana kama mbuzi kichinjioni. Fundi wa kuchomea vyuma aliye ng'ambo ya barabara alipita akacheka.

«Mwalimu, huyo umemnyonga au bado?»

Nilitumia kopo la praima ya kupuliza, yaani rangi ya kwanza inayotangulia rangi yenyewe. Kosa la kwanza la njia hii lilijitokeza mara moja: upepo wa kopo lenyewe unatosha kuisukuma fremu iliyoning'inia, kwa hiyo kila nilipopuliza, bomba nililolilenga liligeuka na kuondoka, na praima ikaenda ukutani. Nikawa naishika kwa vidole viwili kwenye ncha za nyuma zinazobeba ekseli ya gurudumu, na hapo hapo nikaacha alama za vidole viwili.

Kosa la pili lilikuja na ziwa. Kisumu asubuhi hutulia, lakini jua likishaipasha nchi kavu joto, hewa ya ziwani huanza kuvuma kuelekea bara, na kufikia saa sita mchana veranda yangu hupokea vumbi lote la barabara. Fremu ilipembea, ikagusa nguzo, ikapata mkwaruzo wa urefu wa kidole. Praima iliyokuwa bado mbichi ikaokota vumbi na unyoya mmoja wa kuku. Nimeikwangua yote.

Jumamosi, 1 Februari

Wiki nzima nimetembea nikiangalia mashimo. Fremu tupu ina matatu makubwa: la bomba la usukani, la nyumba ya pedeli, na la bomba la kiti. Ndani ya mashimo hayo rangi haitakiwi. Tena katika nyumba ya pedeli rangi ni adui, kwa kuwa ikiingia kwenye hesi, ile mikunjo ya skrubu ya ndani, vikombe havitaingia tena bila vita. Hitimisho ni kwamba chochote kitakachoishika fremu lazima kiishike kwa ndani. Mahali popote pa nje panaposhikwa, pawe padogo kama upana wa waya, ndipo patakapokosa rangi au patakapobanduka baadaye.

Leo nilichonga mpini wa ufagio kuukuu, nikauzungushia raba iliyokatwa kutoka kwenye tyubu, nikausukuma ndani ya bomba la kiti, kisha nikaubana mpini huo ukiwa umelala kwenye jiliwa la fundi. Fremu ilikaa hewani pembeni ya meza yake, ikiwa haijaguswa nje popote. Kwa dakika tano nilijiona bingwa.

Tatizo ni uzito. Mpini ukiwa umelala hivyo, upande mzito wa fremu huvuta kwenda chini, na nikiizungusha ili nione mgongo wa bomba, inarudi yenyewe pale pale, kama mtoto asiyetaka kuogeshwa. Nikaikaza raba zaidi ili isizunguke kabisa, nikajikuta napiga magoti chini yake kupaka tumbo la mabomba. Halafu mpini ukaanza kupinda. Haukuvunjika, lakini sikusubiri uvunjike.

Fundi alikuwa akitazama huku akichomelea lango. Aliinua kioo chake akasema, «Mwalimu, hicho kitu kisimamishe. Kikisimama hakitaanguka upande wowote.»

Ilinichukua muda kumwelewa, na nilipomwelewa niliona aibu kidogo, kwa kuwa hili ni jambo ninalolifundisha darasani. Ekseli ikiwa imelala, uzito ulio pembeni huizungusha hadi ushuke chini. Ekseli ikiwa wima, uzito huo haupati njia ya kushuka, kwa hiyo fremu itabaki pale utakapoiacha. Mlango haujifungi wenyewe ikiwa bawaba zake zimesimama sawasawa, hata uwe mzito kiasi gani.

Kwa hiyo: bomba moja lililosimama wima, na fremu iliyopinduliwa miguu juu kichwa chini na kuvikwa bomba hilo kupitia shimo la kiti.

Jumapili, 2 Februari

Jumapili ndiyo siku kubwa ya soko la Kibuye, nami nilikwenda kutafuta kipande cha bomba la maji la chuma. Nguzo ya kiti ya baiskeli hii ina unene wa milimita 25.4, yaani inchi moja kamili. Nikajiambia kwamba bomba la robo tatu ya inchi, ambayo ni milimita 19, litaingia kwa ulegevu mzuri na kuacha nafasi ya raba. Nikanunua kipande cha mita moja na nusu, nikalibeba begani hadi nyumbani kwa miguu.

Halikuingia. Halikukaribia hata kuingia.

Nilipolipima kwa kalipa ya fundi, unene wake wa nje ulikuwa milimita 26.9. Mabomba ya maji huitwa kwa jina la tundu lake, wala si kwa unene wake wa nje, na hata tundu lenyewe halilingani sawasawa na jina. Bomba la robo tatu lina milimita 26.9 kwa nje, na lile la nusu inchi lina milimita 21.3. Mafundi wote wa mabomba wanalijua hili tangu siku yao ya kwanza kazini; mimi nimelijua baada ya kulibeba bega zima.

Jumanne, 4 Februari

Muuzaji alikubali kunibadilishia nikiongeza nauli yake ya soda. Bomba la nusu inchi linaacha pengo la takribani milimita mbili kila upande ndani ya shimo la kiti, na tyubu ya baiskeli ina unene wa karibu milimita moja, kwa hiyo mizunguko miwili ya raba inajaza pengo hilo barabara. Fremu inageuka ukiisukuma na inatulia ukiiacha. Sijawahi kuona hesabu ikikubali kwa upole namna hii.

Kitako chake ni debe la rangi la lita 20 ambalo kontrakta mmoja alilitupa. Nililijaza zege hadi nusu, saruji moja kwa mchanga mbili kwa kokoto tatu, nikalisimamisha bomba katikati na kulifunga kwa kamba tatu zilizovutwa kwenye misumari ili lisiegemee popote wakati zege linashika. Chini ya bomba fundi alichomelea vipande viwili vya nondo kama msalaba, ili lisije likazunguka ndani ya zege. Nusu debe la zege ni kilo ishirini na kitu. Nililichagua zito kwa makusudi, kwa sababu fremu ina kichwa kirefu kinachotokeza upande mmoja, na kitako chepesi kingepinduka.

Jumanne, 11 Februari

Nimekuwa nikilimwagilia maji kila asubuhi na jioni kwa siku saba. Halina nyufa. Watoto wameandika herufi zao juu yake kwa kijiti kabla halijakauka, jambo ambalo halina madhara kwa mradi.

Jumamosi, 15 Februari

Siku ya praima. Kwanza kuziba mashimo. Nilikuwa nimepanga kuchonga mbao, lakini jikoni kulikuwa na magunzi ya mahindi yaliyokauka, na gunzi ni kizibo ambacho mtu hahitaji kukichonga sana: limenyooka, ni jepesi, lina ncha nyembamba na shina nene, na ukilisukuma ndani ya tundu linajikaza lenyewe. Moja liliingia kwenye nyumba ya pedeli baada ya kuzungushiwa karatasi ya gazeti. Katika bomba la usukani nilichomeka kijiti kirefu kilichofungwa raba, kikatokeza sentimita thelathini upande mmoja, na hicho ndicho mkono wangu wa kuizungushia fremu bila kuigusa.

Ili fremu isiteleze hadi chini, nilitoboa tundu kwenye bomba, nikapitisha msumari, na juu ya msumari nikaweka washa pana, kile kisahani cha chuma chenye tundu katikati, ambayo mdomo wa bomba la kiti unaikalia. Naandika habari ya washa hii kwa sababu itarudi.

Nilianza saa moja na nusu asubuhi kabla ya upepo, nikiwa nimeifuta fremu nzima kwa kitambaa chenye thina na kuvaa barakoa. Kwanza nilipaka viungo na pembe, hasa pale mabomba manne yanapokutana kwenye nyumba ya pedeli, ambapo kwa kuwa fremu ilikuwa imepinduliwa palikuwa sasa juu kabisa, mbele ya macho yangu. Hii ndiyo faida ya kuipindua ambayo sikuitarajia: sehemu iliyooza kuliko zote ndiyo niliyoiona vizuri kuliko zote. Kisha mabomba marefu, kopo likiwa umbali wa sentimita ishirini hadi ishirini na tano, mkono wa kulia ukitembea na wa kushoto ukiizungusha fremu taratibu kwa kile kijiti. Tabaka tatu nyembamba. Hakuna mchirizi hata mmoja.

Jumamosi, 22 Februari

Msasa wa namba 400 kwa maji. Hakuna la kuandika zaidi, isipokuwa kwamba debe limefaa hata kwa kazi hii, kwa maana unasugua ukiwa umeketi kwenye kigoda na fremu inakuletea upande unaoutaka.

Jumamosi, 1 Machi

Rangi nyeusi ya mafuta, ya kopo, asubuhi. Kopo langu linaonya kwamba tabaka za kurudia zipakwe ndani ya saa moja, au mtu asubiri hadi saa 48 zipite. Akipaka katikati ya muda huo, thina ya rangi mpya hulainisha ile ya chini iliyokauka nusu, na yote hukunjamana kama ngozi ya maziwa. Nikamaliza tabaka tatu ndani ya dakika hamsini. Fremu iling'aa. Baba mdogo, aliyekuwa amekuja kutoka Busia kwa shughuli zake, aliizunguka mara mbili bila kusema neno, na kwa mtu yule huo ni wimbo.

Saa mbili usiku nilitoka nje na kuwasha taa ya veranda ili niitazame tena.

Mtu anayeishi mbali na ziwa huenda asielewe. Wale wadudu wadogo wa ziwani hutoka majini kwa mamilioni, wakionekana kutoka mbali kama moshi unaopanda juu ya maji, na upepo ukiwaleta mjini hukimbilia taa. Wavuvi wa Dunga wamekuwa wakisema tangu zamani kwamba hutoka kwa wingi mwezi unapoandama, na mwezi ulikuwa umeandama usiku huo huo. Niliizima taa baada ya nusu dakika, lakini nusu dakika ilitosha. Rangi ilikuwa imekauka kwa kuguswa na kidole, si kwa kukaliwa na mdudu. Asubuhi nilihesabu wadudu kwenye bomba la juu peke yake hadi arobaini, nikaacha.

Jumapili, 2 Machi

Nilipoiinua fremu kutoka kwenye bomba ili niipeleke ndani, kulikuwa na kosa jingine lililofichwa na lile la wadudu. Rangi ilikuwa imevuka kutoka mdomo wa bomba la kiti hadi kwenye ile washa pana na kuviunganisha viwili hivyo kuwa kitu kimoja, na nilipoinua, ikabanduka pete nzima kuzunguka mdomo, hadi kwenye chuma.

Nilimwonyesha baba mdogo. Alilitazama debe langu kwa muda, akalitikisa kidogo kama anayepima ng'ombe sokoni, kisha akavua kofia yake na kuitundika juu ya bomba tupu.

«Mwanangu, kofia inashikwa na kichwa, haishikwi na ukingo. Wewe baiskeli yangu umeikalisha kwa ukingo.»

Alikuwa na haki. Nilikuwa nimeandika mwenyewe mwezi uliopita kwamba chochote kishike kwa ndani, kisha nikaja kuweka washa nje. Bomba la kiti liko wazi hadi ndani ya nyumba ya pedeli. Nikitoa gunzi na kuweka mahali pake kipande cha mti mgumu kilichochongwa mviringo na kukaza, ncha ya bomba itapanda hadi ndani, igote kwenye mti huo, na fremu nzima itaning'inia kutoka kileleni kama kofia yake, mdomo wa bomba la kiti ukiwa haugusi kitu chochote. Msumari na washa vinaondoka. Raba inapandishwa sentimita tatu ndani ya mdomo ili isipakwe rangi na kuganda.

Jioni nilichonga kipande cha mpera na kukijaribu. Fremu inazunguka kwa wepesi kuliko mwanzo, kwa sababu sasa inaegemea sehemu ndogo tu juu ya ncha ya bomba badala ya kusuguana na washa.

Jumamosi, 8 Machi

Wiki nzima ilikuwa ya msasa, namba 400 kisha 600, kuwaondoa wadudu mmoja mmoja na kuilainisha ile pete hadi kingo zake zisihisike kwa kidole. Leo nimerudia rangi, tabaka tatu, kuanzia saa moja na robo. Nilipomaliza nilishusha chandarua kuukuu kutoka kwenye boriti na kuifunika fremu na debe kwa pamoja, kingo zake zikikandamizwa sakafuni kwa mawe. Kabla ya kukitumia nilikifua na kukikausha, maana chandarua cha miaka minne kina vumbi lake chenyewe. Kijiti cha bomba la usukani kilizuia kisigusane na rangi upande wa mbele, na upande wa nyuma nilitumia waya uliopindwa kama upinde. Taa ya veranda nimeitoa balbu kabisa, kwa kuwa nyumbani kwangu kuna watu watano wenye mikono.

Jumapili, 9 Machi

Mdudu mmoja. Alikuwa juu ya chandarua, kwa nje.

Jumamosi, 15 Machi

Fremu imeshuka. Mdomo wa bomba la kiti ni safi, rangi imefika ukingoni na kuishia hapo yenyewe. Hesi za nyumba ya pedeli zimebaki kavu na vikombe vimeingia kwa mkono, ule wa kulia ukikazwa kinyume na kawaida kama ilivyo katika baiskeli hizi.

Zamu ni ya foku. Shimo la shina lake, pale nguzo ya usukani inapoingia, lina milimita 22.2, na bomba langu la nusu inchi lina 21.3, kwa hiyo foku inavaa bomba hilo hilo bila raba hata kidogo. Bolti iliyopitishwa kwenye tundu la madigadi, juu ya shina, ndiyo inayoigotea ncha ya bomba kwa ndani. Hesi za shina zimefungwa utepe wa karatasi. Praima ilipakwa asubuhi kabla ya saa mbili.

Mvua za masika zimeanza kunukia. Jana jioni ilinyesha kwa saa nzima, na rangi ikipakwa wakati hewa imejaa unyevu inaweza kupata weupe kama ukungu juu yake, kwa hiyo nyeusi ya foku itasubiri asubuhi kavu. Wakati huo huo fundi ameuliza kama anaweza kuliazima debe Jumatatu, kwa kuwa ana fremu mbili za wateja na jiliwa moja. Nimemwambia alichukue foku ikishakauka, ila alibebe mwenyewe.